Rika Bila Wembe

Kijana mwenzangu wa Tarime na Serengeti! Leo tuongelee rika.

Ukiuliza kwa nini msichana akubali kukeketwa, wengi watakujibu "mila". Lakini kaa na wasichana wa kidato cha pili, uwasikilize vizuri. Wengi wanachoogopa hasa ni kubaki peke yao. Wenzao wameingia saro pamoja, wametembezwa barabarani kwa nyimbo, wamepewa zawadi, na sasa ni rika moja mpaka uzeeni. Yule aliyebaki anaitwa omosagane, wakati mwingine hata na mdogo wake. Neno hilo linauma jamani, tusidanganyane.

Sasa swali: je, watu hawawezi kuwa rika moja bila kukatwa?

Twende ng'ambo ya ziwa, Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, kilichoanza mwaka 1922. Pale kila bweni lina jina lake na desturi zake. Bweni moja la wavulana ni Lumumba, jina la Patrice Lumumba wa Kongo. Bweni moja la wasichana ni Mary Stuart, ambalo wenyewe huliita Box. Kwa miaka mingi vijana wa mabweni hayo mawili wamehesabiana kaka na dada, na undugu huo wakauita Lumbox. Wale wa Livingstone nao wakashikana na wasichana wa Africa Hall, ikawa Afrostone. Basi mgeni anafika hamjui mtu. Anapangiwa bweni, anafundishwa nyimbo zake, anapewa utani wake, na kwenye mechi anashangilia mpaka sauti inakauka. Lumumba wana hata sanamu lao, Gongom. Huo nao si unyago wa aina yake? Ila hakuna damu.

Na kwetu Tanzania ni hivyo hivyo. Mimi nimekaa hosteli ya chuo miaka mitatu. Mwenzetu akifiwa, tulichanga nauli usiku huo huo. Akishikwa na malaria, kuna wa kumpeleka zahanati na wa kumwandikia notisi. Siku ya utamaduni kila mmoja alileta ngoma ya kwao. Kijana mmoja Mkurya akaja na litungu, na watu wa Lindi, Kigoma na Pemba wote wakajaribu kuruka kama yeye (walioweza ni wachache!). Katika kuruka huko hakuna aliyemuuliza dada yeyote kama amekeketwa.

Sisemi mabweni ni peponi. Kundi likikosa akili linaumiza pia. Julai 2022 mwanafunzi mmoja aliuawa katika vurugu za kampeni za uchaguzi wa wanafunzi pale Makerere, na uchaguzi ukasimamishwa. Kwa hiyo usifuate kila kundi linaloimba. Liulize kwanza linataka nini kwako.

Mtu wa Mara aliyepita Makerere unamjua. Julius Nyerere wa Butiama alisoma pale kuanzia 1943 hadi 1945. Akiwa mwanafunzi aliandika insha kuhusu hali ya wanawake wa kabila lake la Wazanaki, akitumia hoja za Mwingereza John Stuart Mill, na ikashinda tuzo. Yaani kijana wa Kizanaki, tena mwanaume, alihoji namna wanawake wa kwao wanavyotendewa, na hakuna anayesema aliacha kuwa Mzanaki.

Na wembe unafanya nini mwilini? Unaleta damu nyingi, wakati mwingine mpaka kifo. Unaleta pepopunda na vidonda vinavyooza. Mkojo unaweza kugoma kutoka kwa maumivu. Wembe mmoja ukipita kwa wasichana kadhaa unaweza kubeba virusi vya UKIMWI. Baadaye kovu huwa gumu, halitanuki vizuri, na wakati wa kujifungua mama anachanika. Katika utafiti wa kitaifa wa 2015-16, kati ya kila wanawake 100 wa Mara wenye umri wa miaka 15 hadi 49, 32 walikuwa wamekeketwa. Maana yake wengi hawakukeketwa, nao wanaolewa na kuzaa kama kawaida.

Sheria nayo ipo tangu 1998. Anayemkeketa au kumpeleka kukeketwa msichana wa chini ya miaka 18 anaweza kufungwa miaka 5 hadi 15.

Kwa hiyo msisubiri Desemba. Anzeni sasa rika lenu hapo shuleni: jina, wimbo, siku ya ngoma, mchango wa anayeumwa. Mwalimu wa malezi atawasikiliza mkienda wengi. Nanyi kaka zetu, semeni waziwazi, mbele ya baba na wazee wa mila, kwamba mtaoa msichana asiyekeketwa. Mkinyamaza, mama anaendelea kuamini binti yake atakosa mume.

Ukisikia nyumbani wanapanga siku yako, usibaki na siri hiyo. Mwambie mwalimu unayemwamini au nenda dawati la jinsia polisi. Namba ya kusaidia watoto ni 116, hulipii kitu. Tarime kuna kituo cha Masanga, ambako wasichana hukaa pamoja msimu wa ukeketaji, wanajifunza, wanaimba na kucheza. Serengeti kuna Nyumba Salama ya Mugumu, iliyofunguliwa mwaka 2014. Kama una mdogo wako, nenda naye.