Jalada Bila Riwaya: Mvuto wa Michoro ya Chris Foss

Wahakiki wenzetu wengi huiona picha ya jalada kuwa mtumishi wa hadithi. Sasa basi, mtumishi huyo akiachwa peke yake ataweza kusimama? Kwangu mimi kitabu cha 21st Century Foss (1978), kilichokusanya michoro ya Mwingereza Chris Foss, kinajibu: anasimama, tena wima.

Foss alichora majalada ya riwaya za kubuni za kisayansi, zikiwamo za Isaac Asimov, na mara nyingi vyombo vyake vya angani havikuhusiana na kisa kilichomo ndani. Eti hiyo ni kasoro! Mimi naona ndiyo siri yenyewe. Tazama fani yake: rangi za kupuliza, mistari ya manjano na nyeusi kama ya mitambo ya ujenzi, chuma kikubwa kama mji, moshi, binadamu kwa nadra. Ubavu umechakaa, maana yake chombo kimefanya kazi. Kazi gani? Riwaya haipo kutuambia, kwa hiyo mtazamaji hujitungia kisa.

Hivi tukishikilia kwamba fasihi ni maneno tu, kisa hicho tutakiweka wapi?