Vijidudu Vimekufa, Pumzi Haijarudi

Mgonjwa wa kifua kikuu akimaliza miezi 6 ya dawa huambiwa amepona, na kwa upande wa vijidudu ni kweli. Lakini huko Banissa, katika kaunti ya Mandera, kaskazini mashariki mwa Kenya, kupona hupimwa kwa kazi: kufuata ngamia malishoni, kuteka maji, kutembea hadi zahanati. Wapo wasioyaweza tena hayo, kwa kuwa mapafu yamebaki na makovu na misuli inayoyavuta imedhoofika. Kwa hiyo mazoezi ya misuli ya kupumua yanastahili kuanzia wodini na kuendelezwa nyumbani, yakihesabiwa kuwa sehemu ya matibabu.

Msuli mkuu wa pumzi ni kiwambo, kile kinachotenganisha kifua na tumbo. Usipofanya kazi hunywea, tena upesi. Mwaka 2008 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha uchunguzi wa watu 14 ambao ubongo wao ulikuwa umekufa na ambao walipumuliwa na mashine kwa saa 18 hadi 69. Unene wa nyuzi za viwambo vyao ulikuwa chini ya nusu ya ule wa watu waliolinganishwa nao. Ikiwa hivyo ndivyo ilivyo, mazoezi yanaweza kurudisha kilichopotea? Mwaka 2011 watafiti wa Florida, Marekani, walichukua wagonjwa 69 walioshindwa kuachishwa mashine. Kundi moja lilivuta hewa kupitia kifaa chenye vali ya springi inayoipinga pumzi, awamu 4 za pumzi chache tu kwa siku, huku ugumu ukiongezwa kidogo kidogo. Kundi la pili lilipewa kifaa kisicho na ugumu wa maana. Asilimia 71 ya kundi la kwanza waliachana na mashine, dhidi ya 47 ya la pili.

Mwenye shaka atasema, na ana haki, kwamba kiwambo chenye nguvu si lazima kimfikishe mtu mbali. Kwa wagonjwa wa mapafu yaliyoziba kwa muda mrefu ambao tayari wanafanya mazoezi ya mwili mzima, kuongeza kifaa hiki kumeimarisha misuli bila kuwaongezea sana umbali wa kutembea. Hoja hiyo naikubali, na ndiyo inayoonyesha njia: kifaa kiwaendee wale ambao misuli yao imepimwa ikaonekana dhaifu, na hao pia watembee, wainuke na kuketi, wanyanyue uzito mdogo. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, watu waliobakiwa na madhara ya mapafu baada ya kifua kikuu walifanya mazoezi ya mwili na kufundishwa kujitunza mara 2 kwa wiki kwa wiki 6. Waliomaliza walitembea zaidi na maisha yao yakawa na nafuu. Mazoezi ya namna hiyo hayahitaji vyombo vya bei kubwa.

Pingamizi zito zaidi ni lile la mahali. Wodi inayohangaikia oksijeni itapata wapi muda wa mazoezi, na mfugaji anayehama na mifugo atafuatwa na nani? Oksijeni itangulie, hilo halina mjadala. Lakini mtaalamu wa tibamaungo akimfundisha mgonjwa na jamaa anayemuuguza kabla hawajaruhusiwa kwenda nyumbani, hamnyang'anyi mtu oksijeni. Ama kuhusu kuhama, Kaskazini Mashariki iliwahi kulijibu swali hilo. Kuanzia 1976, Annalena Tonelli, Mwitaliano aliyejitolea kuhudumia wagonjwa, aliwaweka wafugaji wenye kifua kikuu katika manyatta mjini Wajir, wakimeza dawa mbele ya mwangalizi hadi watimize miezi yao. Dunia baadaye ilifuata njia ya usimamizi wa aina hiyo. Leo kuna wahamasishaji wa afya ya jamii, waliozinduliwa nchini kote mwaka 2023, wanaopita nyumba hadi nyumba. Kwa nini daftari lao liulize dawa pekee, lisiulize mgonjwa ametembea kiasi gani bila kuishiwa pumzi?

Tahadhari zipo. Anayekohoa damu au ambaye pafu lake limetoboka asivute pumzi kwa kifaa chenye vali, kila mgonjwa awe na kipande chake cha mdomoni, na mwenye vijidudu hai afanyie mazoezi nje, mbali na wenzake, kivulini penye upepo.