Gauni la Dada, Shati la Kaka

Idi ikikaribia, baadhi ya mama zetu hapa Voi huingia madeni kwa ajili ya nguo za watoto. Mama mwenye karatasi ya kukatia gauni la bintiye asikope shati la nduguye aliye kimo kimoja naye. Na ailaze karatasi ile juu ya gazeti, afuate shingo, mabega na makwapa, akomee chini kidogo ya nyonga. Kiuno akinyooshe, kifuani aongeze nafasi ya vifungo. Vitundu vyake viwe kushoto, kwani vya gauni huwa kulia. Alinganishe na shati kuukuu la mtoto kabla ya kutia mkasi. Bibi Aisha (r.a.) amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akishona nguo yake mwenyewe. Basi kushona si unyonge. Deni la pambo ndilo unyonge.