Pikipiki Iliyomsamehe Mwanadamu

Juzi nilikwama Mwembe Tayari, Mombasa. Bodaboda niliyoipanda ilianza kugonga ndani mithili ya mchi kinuni, na kijana mwenyewe akaisukuma hadi kwa fundi afanyaye kazi chini ya mwarobaini. Sikumwacha peke yake. Nilijua kuwa jioni mwenye pikipiki atataka hesabu yake, kijana apate asipate.

Fundi akaifungua injini, akachomoa vijiti viwili vya chuma, vyembamba kama vya mishikaki. Kimoja kilikuwa kimepinda. "Mzee, hivi ndivyo visukumavyo valvu. Ni viwili tu. Injini hii haina mambo mengi."

Injini ile ilitengenezwa Uchina, lakini umbo lake, wasomaji wapenzi, lina nasaba, na nasaba hiyo inatoka Japani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kampuni ya Honda ilikuwa ikiuza pikipiki za cc 125 zenye kamshafti juu ya silinda. Ni utaalamu mzuri, na kwa mtu abadilishaye oili kwa siku zake hauna ila. Lakini katika nchi za wachumi wadogo mambo yalikuwa mengine. Pikipiki ilipakiwa watu watatu na gunia, vumbi halikuwa na kikomo, na oili iliongezwa inapopungua badala ya kubadilishwa. Kamshafti, ikiwa huko juu mbali na oili, ikalika kabla ya wakati wake.

Ingalikuwa rahisi kuwalaumu wanunuzi kwa ujinga. Wahandisi wale hawakufanya hivyo. Walifunga safari wakaenda kujionea jinsi watu wanavyoishi na pikipiki zao, kisha wakarudi mezani. Matokeo yake ni CG125, iliyotoka mwaka 1976. Kamshafti ikateremshwa chini karibu na oili, ikazungushwa kwa giya, na vijiti viwili vikapewa kazi ya kuzifikia valvu. Mnyororo wa gurudumu la nyuma ukafunikwa wote, usile mchanga. Chujio la hewa likawa la sponji, la kuoshwa na kurudishwa.

Kwa macho ya mtaalamu, huko kulikuwa ni kurudi nyuma, maana vijiti ni ufundi wa kale. Lakini mimi niliyezeekea katika utunzi najua kwamba shairi ambalo mvuvi atalishika kwa kulisikia mara moja ni gumu kulitunga kuliko lile la maneno mazito.

Mwaka huo huo wa 1976 Honda ilifungua kiwanda Manaus, Brazil, na CG ikawa pikipiki ya wafanyakazi na matarishi wa nchi nzima. Mwaka 2004 ikatoka CG 150, na kamshafti ikapandishwa tena juu. Mwaka 2009 ikaja CG 150 Titan Mix, pikipiki ya kwanza duniani kuundwa kwa wingi ikitumia petroli au spiriti ya miwa, au vyote viwili pamoja. Leo kuna CG 160, nayo yaongoza kwa mauzo nchini humo. Huko Pakistani, CG125 ya vijiti bado yaundwa. Na Wachina waliiga injini ile ya kale, ndipo ikatufikia sisi, chini ya mwarobaini wa Mwembe Tayari.

Fundi alipoimwaga oili, ilitoka nyeusi kama wino wa chuoni. Akamtazama kijana. "Mara ya mwisho ulibadilisha lini?" Kijana akainamisha kichwa.

Hapo ndipo nilipopata la kuwaandikia. Walioiunda injini ile walimjua mwanadamu kuwa ni msahaulifu, wakamwekea nafasi ya kukosa. Hiyo ni rehema. Lakini rehema si ruhusa. Chombo kinachosamehe sana ndicho tunachokidhulumu sana, mpaka siku kitakapotuacha njiani na watoto nyumbani wanangoja unga.

Kijiti kipya kilitiwa kabla ya adhana ya magharibi, na pikipiki ikanguruma kwa mpigo mmoja. Kijana alinifikisha nyumbani. Nilimlipa nauli yake, kisha nikamwongezea bei ya chupa moja ya oili, nikamwambia: "Hii si ya chai, mwanangu."