Kishindo cha Maji katika Mabomba ya Mserereko: Chanzo na Utulizaji Wake katika Nyumba za Morogoro

Katika nyumba zilizo chini ya miteremko ya Uluguru, kama zile za Bigwa na Kilakala, bomba linaweza kugonga ukutani mara tu koki inapofungwa, na pengine likagonga usiku wa manane bila mtu kuligusa. Mwenye nyumba hudhani koki imekufa, hununua nyingine, na kelele hubaki palepale. Isipokuwa katika hali moja, chanzo cha kelele hiyo hakipo kwenye koki. Kipo katika mwinuko wa bomba na katika namna maji yanavyosimamishwa.

Hali hiyo moja haina mjadala mrefu. Koki inayovuma ikifunguliwa nusu na kunyamaza ikifunguliwa yote, kwa kawaida ina washa iliyochakaa. Washa ikibadilishwa, jambo limekwisha.

Kishindo chenyewe ni suala tofauti. Sehemu ya maji ya mji wa Morogoro hutoka mlimani, katika Mto Morogoro, na kushuka kwa mserereko. Mji upo takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari, ilhali kilele cha Lupanga kilicho mbele yake kinazidi mita 2,100. Kila mita 10 za kushuka huongeza kanieneo, ambayo mafundi huiita presha, kwa takriban baa 1. Kwa hiyo nyumba iliyo mita 60 chini ya tangi hupokea karibu baa 6 maji yakiwa yametulia.

Maji yanayokwenda yakisimamishwa ghafla, mwendo wake hugeuka kuwa kanieneo, na wimbi la kanieneo hiyo hurudi nyuma ndani ya bomba. Mwishoni mwa karne ya 19, Mrusi Nikolai Zhukovsky alionyesha kwamba ongezeko hilo ni zao la uzito wa ujazo wa maji, kasi ya wimbi na badiliko la kasi ya maji. Katika bomba la chuma, wimbi husafiri kwa takriban mita 1,200 kwa sekunde. Maji yaendayo mita 1.5 kwa sekunde yakikatwa ghafla huzalisha baa 18 juu ya zile 6. Katika bomba la plastiki gumu, wimbi huenda takriban mita 400 kwa sekunde, na ongezeko ni baa 6. Jumla ya baa 12 tayari imelipita bomba la daraja la baa 10. Kelele, basi, si kero ya usingizi tu. Ni dalili ya bomba linaloelekea kupasuka, katika mji ambao maji yake ni ya mgawo.

Mgawo huleta tatizo la pili, nalo ni hewa. Maji yakikatika, bomba hukauka. Yakirudi, hewa husukumwa mbele na kunaswa palipo na nundu. Hapa ulinganisho na nyumba za nchi za baridi zinazopashwa joto kwa mvuke unasaidia. Huko, maji yaliyopoa hutuama palipobonyea, mvuke huyatupa kwenye kona ya bomba, na nyumba nzima hugongwa. Fundi hutibu kwa kuinamisha bomba au kifaa cha joto ili maji yarudi kwenye jiko la mvuke. Katika mserereko kinachonaswa ni hewa, tena juu badala ya chini. Lakini tiba ni ileile ya mwinuko: bomba lipande au lishuke mfululizo, na penye nundu isiyoepukika iwekwe vali ya kutolea hewa. Ikumbukwe pia kwamba mita nyingi za kawaida huzungushwa na hewa ipitayo kama zinavyozungushwa na maji. Malalamiko ya mteja kwamba analipia upepo yana msingi wa kifizikia, ingawa kiasi chake hutofautiana kati ya nyumba na nyumba.

Ndani ya nyumba, koki ya mpini inayofungwa kwa robo mzunguko ndiyo mkosaji mkubwa. Geti valvu, inayofungwa kwa mizunguko mingi, hupunguza kasi ya maji polepole. Panapogonga usiku, lichunguzwe boya la simtanki: watumiaji wakilala presha hupanda, na mawimbi madogo ndani ya tangi hulifanya boya lifunge na kufungua mfululizo. Boya likikingwa dhidi ya mawimbi hayo, mara nyingi hutulia. Kwa nyumba zinazobaki na kishindo, kipande cha bomba kilichosimamishwa karibu na koki na kuzibwa juu hubeba hewa inayopokea pigo. Kasoro yake ni kwamba hewa hiyo huyeyuka katika maji taratibu, hivyo bomba hulazimika kukaushwa mara kwa mara. Kazi ambayo, kwa Morogoro, mgawo huifanya bila kuombwa.