Mzigo wa mwenzio: Jinsi wanaojitolea walivyozifikishia familia za Syria chakula cha kila mwezi

Kwa zaidi ya mwongo mmoja, mamilioni ya familia nchini Syria zilihesabu mwezi kwa siku ya kuwasili kwa katoni ya chakula. Vita vilivyozuka mwaka wa 2011 viliwafukuza watu makwao, vikafunga viwanda na kuteketeza mashamba, na thamani ya pesa za nchi hiyo ikaporomoka. Baba aliyekuwa na duka akabaki mikono mitupu, na mama aliyezoea kwenda sokoni kila asubuhi akaanza kusubiri mgao.

Mgao huo ulitolewa na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP). Hata hivyo, walioufikisha mitaani na vijijini walikuwa watu wa kujitolea, wengi wao vijana wa Shirika la Hilali Nyekundu la Syria, pamoja na mashirika mengine ya humo nchini. Shirika hilo, lililoanzishwa mwaka wa 1942, ni mwenza wa mashirika ya Msalaba Mwekundu kote ulimwenguni.

Mgao wenyewe ulikadiriwa kuilisha familia ya watu watano kwa mwezi mzima. Katoni ilikuwa na mchele, kamande, maharagwe, mafuta ya kupikia, sukari, chumvi na bulgur, yaani ngano iliyochemshwa, ikakaushwa na kupondwa, ambayo kwa Wasyria ni chakula cha kila siku kama ulivyo ugali kwa Mkenya. Unga wa ngano ulitolewa katika gunia kando, kwa kuwa mlo bila mkate katika nchi hiyo hauhesabiwi kuwa mlo.

Wingi wa vyakula hivyo usimhadae mtu. Kilo 15 za mchele, kwa mfano, zikigawanywa kwa watu watano kwa siku 30, kila mmoja hupata gramu 100 kwa siku, kiasi kisichojaza kikombe cha chai. Ndiyo maana upungufu wa kilo mbili au tatu, ambao mgeni asingeutambua, mama mwenye nyumba aliuhisi kabla ya mwezi kwisha. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba vilevile hukipunguza.

Safari ya katoni ilianzia mbali. Chakula kilinunuliwa na kusafirishwa kwa meli hadi bandari za Lattakia na Tartous nchini Syria, au Beirut katika nchi jirani ya Lebanon. Katika maghala, vyakula vilipimwa na kupangwa katika katoni, kisha vikapakiwa kwenye malori. Baada ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kupitisha azimio mnamo Julai 2014, misafara mingine iliruhusiwa kuvuka mpaka moja kwa moja, hasa kutoka Uturuki, ili kuyafikia maeneo yaliyokuwa nje ya mikono ya serikali.

Lori likifika, kazi ya wanaojitolea ndipo huanza. Wao huwa wamekwisha kuandika majina ya familia, kutenga mahali pa kugawia na kuwaarifu watu siku ya kuja. Kila mwenye nyumba huonyesha kitabu cha familia, jina lake hutafutwa katika orodha, naye hutia sahihi au alama ya kidole gumba. Baadaye wakaguzi hupita nyumba kwa nyumba kuuliza iwapo chakula kilifika na kama kilitosha.

Kazi hiyo haikuweza kufanywa na wageni. Barabara zilijaa vizuizi, kila kimoja na wenyewe, na mtu asiyejulikana hakuvuka kwa urahisi. Anayejitolea alikuwa mwana wa mtaa: alijua ni nyumba ipi yenye mgonjwa asiyeweza kupanga foleni na ni mjane yupi aliyewasili juzi na watoto. Lakini ujirani huo ulikuwa na gharama. Misafara ya kutoka Damascus kuelekea maeneo ya waasi ilihitaji kibali cha serikali, na vibali vingi vilicheleweshwa au kukataliwa. Kwa hiyo waliokuwa upande wa waasi waliwashuku wabebaji wa chakula kuwa wa serikali, huku serikali nayo ikiwatazama kwa jicho la shaka.

Mji wa Madaya, karibu na mpaka wa Lebanon, ulidhihirisha yanayotokea mlango ukifungwa. Ulizingirwa na majeshi ya serikali na washirika wao tangu Julai 2015, ukiwa na wakazi wapatao 40,000. Watu walifikia kuchemsha majani, na baadhi wakafa kwa njaa. Msafara wa chakula uliruhusiwa kuingia tarehe 11 Januari 2016, siku moja na msafara mwingine uliokwenda katika miji ya Foua na Kefraya, iliyokuwa imezingirwa na waasi. Chakula cha raia kilikuwa kimegeuzwa silaha na pande zote mbili, na mlango mmoja haukufunguliwa mpaka ufunguliwe wa pili.

Mahali ambapo barabara ilishindikana kabisa, chakula kilidondoshwa kutoka angani. Mji wa Deir ez-Zor, mashariki mwa nchi, ulikuwa umezingirwa na kundi la Islamic State. Jaribio la kwanza, mnamo Februari 2016, lilishindwa: miavuli mingine haikufunguka na mizigo mingine ikaangukia mahali pasipofikika. Mnamo Aprili mwaka huo jaribio lilifaulu, na tangu hapo ndege ziliendelea kudondosha shehena hadi mwaka wa 2017, mzingiro ulipovunjwa. Huko chini, waliokuwa wakikusanya mizigo na kuigawa walikuwa wale wale vijana wa Hilali Nyekundu, nao wakiishi ndani ya mji huo huo uliozingirwa.

Siku ya huzuni kuu ilikuwa tarehe 19 Septemba 2016. Msafara wa malori 31 ulikuwa umefika Urum al-Kubra, magharibi mwa Aleppo, ukiwa na msaada wa watu 78,000. Mizigo ilipokuwa ikishushwa, mashambulizi yalianza. Watu wapatao 20 waliuawa, akiwemo mkuu wa tawi la Hilali Nyekundu katika mji huo. Tume ya uchunguzi ya Umoja wa Mataifa ilihitimisha mwaka wa 2017 kwamba shambulizi lilifanywa na ndege za jeshi la Syria, jambo ambalo serikali ya wakati huo ilikanusha. Kufikia mwaka wa 2016, shirika hilo lilikuwa limewapoteza wafanyakazi na watu wa kujitolea zaidi ya 50 tangu vita vianze.

Huenda msomaji akauliza: kwa nini familia zisipewe pesa, zikajinunulia? Jibu hutegemea soko. Palipo na maduka yenye bidhaa, pesa humpa mtu heshima ya kuchagua. Katika kambi ya Zaatari nchini Jordan, iliyofunguliwa mwaka wa 2012, wakimbizi wa Syria walianza kwa kupewa chakula, kisha wakahamishiwa kwenye vocha na kadi za kununulia. Hapa Kenya, kambi ya Kakuma ilianza mwaka wa 2015 kutuma sehemu ya mgao kwa simu. Lakini katika mji uliozingirwa, ambako kilo ya mchele haipatikani hata kwa dhahabu, pesa hazipikiki.

Ajabu ni kwamba kilichoukomesha mgao huo si mabomu bali uhaba wa fedha. WFP hutegemea michango ya hiari, hasa ya serikali, na wafadhili hugeukia majanga mapya. Kwanza katoni ilipunguzwa hadi nusu ya kiwango cha kawaida. Kisha, Julai 2023, watu milioni 2.5 kati ya milioni 5.5 waliondolewa katika orodha. Mwezi wa Januari 2024 mpango huo mkuu ulisitishwa kote nchini, ikabaki miradi midogo ya watoto, wajawazito, wakulima na waliopatwa na dharura.

Serikali ya Bashar al-Assad ilianguka tarehe 8 Desemba 2024, na kufikia Septemba 2025 wakimbizi zaidi ya milioni moja walikuwa wamerejea nyumbani. Barabara zilizokuwa zimefungwa zilifunguka, lakini wengi wamerudi kwenye nyumba zisizo na paa na mashamba yasiyo na mbegu.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, yaani asiyeubeba huuona mwepesi. Vijana wa Syria waliubeba, wakaujua uzito wake, na wengine wakafa ungali mabegani. Ujasiri wao uliweza kuvuka vizuizi na kuingia katika miji iliyozingirwa. Usichoweza ni kujaza ghala tupu, na hilo ni jukumu la walio mbali na wenye nacho.