Baiskeli ya Babu na Bei Yake

Si ajabu kuiona baiskeli kuukuu chini ya ngazi katika nyumba ya Mji wa Kale, Mombasa, ikimngoja mnunuzi wa vyuma chakavu. Kabla haijapimwa kwa kilo, yafaa ichunguzwe.

Nembo iliyo chini ya usukani isiaminiwe peke yake, kwani hubanduliwa ikatiwa katika baiskeli nyingine. Raleigh ya Nottingham ina kichwa cha korongo, BSA ina bunduki tatu. Yatazamwe na meno yashikayo mnyororo: katika Raleigh nyingi za zamani, vichwa vya korongo vimekatwa katika chuma chenyewe, wala hivyo si rahisi kughushi.

Ikiwa na gia tatu za Sturmey-Archer, kitovu cha gurudumu la nyuma kifutwe mafuta. Tarakimu 52 zilizogongwa hapo maana yake ni 1952. Lakini huo ni mwaka wa kitovu, na magurudumu hubadilishwa. Spoki zihesabiwe: Waingereza walizoea 32 mbele na 40 nyuma.

Uzee pekee hauleti fedha, maana baiskeli hizi zilitengenezwa kwa wingi sana. Mnunuzi ajuaye hulipia ukamilifu: tandiko la ngozi la Brooks, breki za vyuma virefu, rangi nyeusi ya kiwandani na mistari yake ya dhahabu, hata ikiwa imefifia. Kuipaka rangi mpya ili ipendeze ni kuipunguzia bei. Hewa ya chumvi hula mabomba kwa ndani. Basi mwenye kuuza aigonge fremu na kuisikiliza kabla mnunuzi hajafanya hivyo.